Cheti Kilichobaki Vitani

Nyumba yetu ina vyumba viwili na ndoo moja ya kuogea. Asubuhi ndoo hiyo ndiyo mkubwa wa nyumba, sisi wengine tunaisubiri. Tangu shemeji yangu ahamie kwetu, hakuna aliyewahi kumtangulia. Saa kumi na moja ameshaoga, amekunja mkeka wake na kufagia mlangoni.

Shemeji huyu ni kaka wa mke wangu. Alikuja kutoka mkoa wenye vita akiwa na mfuko mmoja na viatu visivyofanana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hakungoja ya tatu. Siku ya pili alifuatana nami hadi kiwanda cha mablanketi, ninakoendesha mtambo wa kufuma. Mimi nikaingia ndani. Yeye akabaki nje ya lango, pamoja na watu wengi waliokimbia vita.

Kila asubuhi msimamizi hutoka na kunyoosha kidole. "Wewe, wewe, na wewe." Wanaochaguliwa hushusha marobota ya pamba kutoka kwenye malori. Wengine hurudi walikotoka. Shemeji alichaguliwa mara nyingi kwa sababu ana mabega mapana. Wenzake wakambandika jina la Robota, nalo likamganda.

Nitasema ukweli, watu wale wa langoni sikuwapenda. Mke wangu alikuwa mshonaji wa mapindo ya mablanketi kiwandani hapo hapo, miaka sita. Vita vilipoingia mwaka wa pili, zamu ya pili ilifungwa, naye akarudishwa nyumbani. Mimi nikaunganisha mambo mawili: wageni wamekuja, mke wangu amekosa kazi. Basi wageni ndio waliomponza. Nililisema hilo wakati wa kula, shemeji akiwa hapo hapo anatafuna. Mke wangu alinikata jicho, nami nikajifanya natafuta chumvi.

Jumapili moja asubuhi tukamkuta shemeji anafunga mfuko wake.

"Unakwenda wapi, kaka?" mke wangu akauliza.

"Nyumbani. Nitarudi baada ya wiki mbili."

"Nyumbani kuna risasi."

"Nitapita porini. Nafuata cheti changu. Nilikifukia chini ya sakafu ya jikoni, ndani ya kopo la maziwa."

Ndipo alipotueleza. Kwao alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma kwa miaka kumi na sita, mpaka kiwanda chao kilipochomwa moto. Hapa kwetu, alipokuwa akiingiza marobota ghalani, aliona mitambo saba kati ya kumi na miwili imesimama. Alimwambia msimamizi kwamba anaweza kuitengeneza. Msimamizi akamwambia alete cheti kwanza.

"Mbona mimi hukuniambia?" nikauliza.

"Shemeji, mbeba marobota akisema yeye ni fundi, watu hucheka. Hata wewe ungecheka."

Kweli, ningecheka.

Hata hivyo sikumzuia, na hilo ndilo kosa langu kubwa. "Cheti ni cheti," nikamwambia. "Bila karatasi hutafika popote. Nenda, ila uwe mwangalifu." Nilikuwa nampa mtu ruhusa ya kwenda kufa kwa ajili ya karatasi, na nilijiona mwenye busara.

Mke wangu hakubishana nami. Alivaa kandambili, akatoka. Alirudi na jirani yetu, mama anayepaka rangi nyuzi kiwandani. Yeye pia ni katibu wa chama cha wafanyakazi, kwa hiyo mtaani tunamwita Katibu. Mikono yake ilikuwa bado na povu la sabuni.

"Nani huyo anayekwenda vitani bila kuitwa na jeshi?" akauliza.

Shemeji akaeleza upya. Katibu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaukalia ule mfuko.

"Sikiliza, ndugu yangu," akasema. "Ufundi hukupewa na cheti. Cheti kinasema tu kwamba unao. Chuo cha ufundi cha hapa mjini kina mtihani wa watu waliojifunza kazi wakiwa kazini, na waliopoteza karatasi zao. Unaandika barua ya maombi. Unaleta mashahidi wawili waliofanya kazi nawe. Halafu unapimwa kwa vitendo. Ukifaulu, unapewa cheti kipya."

"Mashahidi nitawatoa wapi? Wenzangu wametawanyika."

"Pale langoni hakuna hata mmoja?"

Shemeji akafikiri. "Wapo wawili. Mmoja alikuwa akitia mafuta kwenye mitambo. Mwingine alikagua vitambaa."

"Na sasa wanafanya nini?"

"Wanabeba marobota."

Mimi nikaona niseme langu. "Lakini Katibu, hawa wageni si ndio waliotunyima kazi?"

"Mkeo anashona nini?"

"Mapindo ya mablanketi."

"Mablanketi yanatoka wapi?"

"Kwenye mitambo."

"Na mitambo ikisimama?"

Mke wangu alikuwa ananitazama kwa raha kabisa.

"Mafundi wetu walikuwa watatu," Katibu akaendelea. "Mmoja amechukuliwa jeshini. Mmoja amehamia ng'ambo. Wa tatu alikwenda kuwatoa wazazi wake huko kwenye mapigano, hajarudi. Mtambo ukiharibika hakuna wa kuutengeneza. Pamba nayo inazungushwa njia ndefu kwa sababu barabara kuu imefungwa. Ndiyo maana zamu ilifungwa. Kazi ya mkeo imechukuliwa na vita. Shemeji yako hana kosa."

"Na malipo ya vibarua je? Yameshuka tangu waje. Huo si uongo."

"Si uongo. Watu wengi wakigombea kazi moja ya kubeba, malipo hushuka kwa wote, wenyeji na wageni. Sasa fikiri. Fundi akitoka kwenye foleni ya wabebaji, foleni inapungua. Akifufua mtambo mmoja, huo mtambo unataka mwendeshaji, mbebaji, na mtu wa kushona mapindo. Yeye anapata kazi, na wengine watatu wanapata nyuma yake."

Kisha akamgeukia shemeji. "Ujuzi hauzeeki, ndugu yangu. Lakini wa wafu hauna faida kwa mtu. Fungua mfuko, utoe nguo zako."

"Nitafungua vipi, na wewe umeukalia?"

Tukacheka sote, na mke wangu akafuta machozi.

Wale wawili wa langoni wakamshuhudia, na mtihani ukawa wiki tatu baadaye. Nilimsindikiza, nikasimama dirishani. Kwanza mwalimu alimwuliza majina ya vipuri. Shemeji akataja majina waliyoyatumia kiwandani kwao. Mwalimu hakuyajua, akatikisa kichwa. Shemeji alitokwa na jasho.

"Mwalimu, naomba nionyeshe kwa mikono," akasema.

"Onyesha. Hapa ni karakana, hatukuja kufanya imla."

Shemeji akawasha mtambo na kuweka kiganja juu ya chuma chake. Akasikiliza kidogo, akauzima. Mkanda mmoja ulikuwa umelika. Nyuzi za mtande, zile zinazolala kwa urefu, zilikuwa zimekazwa mno upande mmoja. Akabadilisha mkanda, akalegeza nyuzi, akawasha tena. Kitambaa kikatoka kimenyooka. Nilifurahi kana kwamba nimefaulu mimi.

Alipopata cheti, Katibu alimpeleka kwa meneja. Meneja alitaka kumjaribu mwezi mmoja kwanza. Wiki ya kwanza mtambo mmoja uliamka. Mwezi wa nne mitambo tisa ilikuwa inafanya kazi, na zamu ya pili ikafunguliwa. Mke wangu amerudi kwenye mapindo yake. Vita havijaisha, na pamba bado inachelewa. Lakini nyumbani tunakula bila kuviziana, na mimi nimejifunza kuuliza kabla ya kulaumu.

Juzi meneja alimruhusu shemeji achague wasaidizi watatu. Nilidhani atawanyooshea watu kidole kama anavyofanya msimamizi. Alitoka nje ya lango, akawasalimia, nao wakaitikia, "Robota!" Akangoja watulie.

"Kabla ya vita, nani hapa alikuwa na kazi ya kiwandani?" akauliza. "Sijauliza karatasi."

Mwanzoni walitazamana. Kisha mama mmoja aliyejitanda kitambaa cha kijivu akainua mkono. Alisema alichanganya rangi za nyuzi kwa miaka ishirini. Mzee wa pembeni yake alikuwa akichomelea mabomba. Mikono mingine ikainuka, na mingine nyuma yake. Nilihesabu ishirini na tatu. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nimewapita watu hao kila asubuhi, na sikuwahi kumwuliza hata mmoja swali hilo. Katibu alikuwa tayari katikati yao, anaandika majina ya watakaokwenda chuoni kupimwa kama shemeji.