Kipira Baada ya Alasiri

Jumatano ile Anuar hakuja kula. Saa kumi na mbili jioni mdogo wake, Radhiya, alikwenda Mlandege, kwenye nyumba ambamo kaka yake alikodi chumba cha ghorofani cha kufanyia mazoezi ya tenisi ya meza. Alimkuta chini ya ngazi ya nyuma, shingo imevunjika, kibao kimo mkononi.

Polisi walimshika Mansour. Yeye na Anuar walikuwa wakigombea nafasi moja katika timu, na alionekana akipanda saa kumi na moja.

"Nligonga, sikufunguliwa, nkaondoka," alisema Mansour. Jumatatu angefikishwa mahakamani kwa kuua.

Saa hizo zilitoka kwa Bi Salhiya, anayekaa vyumba vya chini, ndiye aliyemwona Mansour. Kabla ya hapo alisikia kipira kikipigwa ukutani mpaka saa kumi na moja kasoro robo. Mchezaji mwenzao, Sabri, saa kumi na moja alikuwa kwenye uwanja wa Amani mbele ya timu nzima. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Jumamosi, baada ya hitma ya Anuar, Radhiya alimwendea Bi Salhiya.

"Shikamoo, Bi Salhiya."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Siku ile alikuwa anapigaje?"

"Kama kawaida yake. Pu, pu, pu. Ikaadhiniwa alasiri, akanyamaza. Baada ya sala akaanza tena, lakini sasa ta! ta! ta! Nkasema, leo huyu kamkasirikia nani?"

Radhiya alikumbuka daftari la kaka yake. Kwa miaka mingi Anuar alijaribu raba za kubandika kwenye vibao huku yeye akimwandikia daftarini: hii inanata, inazungusha kipira; hii ina kasi, hainifai; hii ndiyo ya mkono wangu. Raba zote alizozichagua zilikuwa na sponji nene, na sponji humeza sauti. Anuar hakuwa na kibao kinacholia ta.

Alirudi nyumbani, akafungua daftari. Ukurasa wa mwisho Anuar aliuandika mwenyewe, Jumanne. Aliusoma mara mbili.

Jumapili asubuhi, kwa ombi la Radhiya, Sajenti Mjaka wa polisi alileta Mlandege vibao viwili, cha Anuar na cha Mansour. Sabri naye aliitwa, akaja na chake, akicheka.

"Dada, tunapeleleza mauaji au tunafungua duka la michezo?" aliuliza Mjaka.

"Baki huku chini na Bi Salhiya, afande. Na Sabri akae hapo hapo."

Radhiya akapanda peke yake. Alianza na cha Mansour.

"Siye," alisema Bi Salhiya.

Akachukua cha kaka yake. Pu, pu, pu. Chini bibi akapiga ukelele.

"Ndiye huyo! Mwambieni aache, ntadhani karudi!"

Kibao cha Sabri kilikuwa na raba ya vipele virefu, bila sponji. Kipira kiligonga kama juu ya ubao mtupu. Ta! ta! ta!

"Huyo," alisema Bi Salhiya taratibu. "Huyo ndiye wa baada ya sala."

Radhiya aliposhuka, Sabri hakuwa anacheka tena.

"Raba za vipele anauziwa yeyote," alisema.

"Lakini hii?" Radhiya akafungua daftari, akasoma: "'Nimejaribu kibao cha Sabri. Kipira hakizunguki hata kidogo. Vipele vimepakwa dawa viteleze, na hilo limekatazwa. Kesho ntamwambia yeye kwanza, kisha mwalimu.'"

Sabri alitazama sakafu.

"Wangenitoa kwenye timu. Nlimsihi, akakataa. Nlimsukuma mara moja tu, pale juu ya ngazi, inaadhiniwa. Kisha nyumba ikawa kimya. Nkajua Bi Salhiya atausikia ule ukimya. Nkapiga kipira ukutani, ili aonekane yuko hai mpaka nnapoondoka kwenda Amani."

"Kwa nini hukupiga na kibao chake?" aliuliza Mjaka.

"Alikuwa kakishika. Nlivuta. Hakuachia."

Mansour aliachiwa siku ile ile kabla ya adhuhuri. Kesi ya Sabri inatajwa tena Alhamisi. Bi Salhiya ni shahidi wa kwanza, Radhiya wa pili.