Jogoo Aliyetoka Jasho

Jumamosi saa nne asubuhi, duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Watu wamebeba ndoo za rangi, mabati, masinki. Katikati ya foleni alisimama mwanamke wa gauni la buluu lililomkaa sawasawa, viatu vya kisigino, na begani bomba la plastiki la inchi nne, lile la maji machafu.

"Dada," sauti ikatoka nyuma yake, "bafu lako lina bahati. Fundi wake amependeza kuliko bibi harusi."

Akageuka. Mwanamume mrefu, ovaroli ya kijivu, mkononi bomba la shaba lililozungushwa kama nyoka aliyelala.

"Si la bafu. Ni la chokoleti."

"Chokoleti inapita bombani siku hizi?"

"Naimwaga humo, ikiganda nalipasua bomba, inatoka nguzo."

"Halafu?"

"Halafu watu kama wewe wanashangaa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwanamke hakucheka, ila alipofika kaunta alikuwa ameshatoa namba yake ya simu, na mpaka leo hajui ilimtokaje.

Jikoni kwenye hoteli alikofanya kazi walimwita Sonara, kwa sababu ya vidole vyake. Alianza kwa kuosha matrei ya mikate akiwa na miaka kumi na tisa. Akapanda: kukanda unga, kupamba keki, hatimaye chokoleti. Hiyo hakufundishwa na mtu. Mkuu wake wa zamani alikuwa akimgeuzia mgongo kila alipopima joto, asije akaiba ujuzi. Sonara akajifunza kwa kuunguza na kutupa, kuunguza na kutupa, miaka kumi na minne. Alipojua, naye akaufungia ujuzi kifuani na ufunguo akaumeza.

Mwanamume alikuwa fundi wa mafriji na viyoyozi. Waliomjua walimwita Barafu, ingawa mdomo wake ulikuwa moto wakati wote.

"Mke wangu mtarajiwa, umekula?" alikuwa akipiga simu mchana.

"Nani kakutarajia? Nimekula makombo ya keki."

"Ndiyo maana wewe mtamu. Nifundishe basi hiyo chokoleti, Jumapili nikusaidie."

"Wewe kazi yako kula. Kazi yangu itazame kwa mbali."

Miezi minane ikapita hivyo. Barafu aliomba, akanyimwa, akacheka. Lakini mtu akinyimwa kitu kimoja mara ishirini, kicheko nacho huanza kuchakaa.

Kisha hoteli ikatimiza miaka thelathini. Nembo yake ilikuwa jogoo. Mkurugenzi akamwita Sonara ofisini.

"Nataka jogoo wa chokoleti, mrefu kama mtu. Asimame ukumbini kwa muda wa saa tatu, mbele ya wageni mia nne. Akisimama, wewe ndiye mkuu wa jiko la keki. Akituaibisha, naleta mtu wa nje."

Mara mbili cheo hicho kilikuwa kimempita mlangoni. Sonara akapiga moyo konde, akafanya kazi wiki tatu. Kiwiliwili akakichonga kwa kisu. Manyoya mia tatu na kumi akayatengeneza moja moja, akayagandisha kwa chokoleti ya moto. Jumatano mchana, siku tatu kabla ya sherehe, jogoo alikuwa amesimama kwenye chumba cha chokoleti, kifua mbele, anang'aa kama kiatu cha jenerali. Sonara akapanda juu kwenye kikao, simu akaizima.

Saa hiyohiyo kiyoyozi cha chumba kile kikafa.

Barafu alikuwa amekuja kukagua chumba cha baridi, kama afanyavyo kila mwezi tangu hoteli ilipompa kazi hiyo mwaka huo. Akapita, akahisi joto, akachungulia. Mkia ulikuwa unaanza kulegea. Akapiga simu mara tano, haipatikani. Fundi wa mafriji afanye nini? Akamsukuma jogoo na meza yake ya magurudumu mpaka chumba cha baridi, akafunga mlango, akajipongeza.

Sonara aliporudi, akamkuta anatabasamu hadi masikioni.

"Nimekuokolea ndege wako, mpenzi. Tazama!"

Akamtoa jogoo nje. Kwa dakika chache alikuwa mzuri. Kisha akaanza kutoka jasho. Matone yakajaa mgongoni, yakateremka shingoni, yakayeyusha sukari, na yalipokauka yakaacha mabaka meupe kama ukurutu. Mng'ao ukafa mbele ya macho yao.

"Umefanya nini?" Sonara alinong'ona.

"Nimemweka kwenye baridi. Alikuwa anayeyuka!"

"Chokoleti haiingizwi kwenye friji! Ikitoka inatoa jasho! Mtoto mdogo anajua!"

"Mimi sikujua."

"Utajuaje? Wewe ni mtu wa mafriji. Baki na mafriji yako, uniachie kazi za watu wenye ujuzi!"

Wapishi wote wakageuka kutazama. Barafu akaokota mfuko wake wa vifaa. Akatengeneza kiyoyozi kilichokufa, akapima, akaondoka bila kuaga.

Jioni Sonara alikwenda kwa mama yake, akalia, akaeleza yote. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso.

"Ulimwambia lini kwamba haiingizwi kwenye friji?"

"Mama, kila mpishi anajua."

"Sijakuuliza wapishi. Kijana wa watu amekuomba miezi minane umfundishe. Ungemfundisha siku moja tu, leo jogoo wako angekuwa mzima." Akapepeta. "Yule mkuu wako aliyekuwa anakugeuzia mgongo, ulikuwa unamchukia sana. Sasa umekuwa yeye."

Sonara hakulala vizuri. Alhamisi asubuhi akapiga simu.

"Hapo ni mafriji," Barafu akajibu. "Nani mwenzangu?"

"Mimi."

"Mimi nani? Huku hatuongei na watu wenye ujuzi."

"Nilikutukana mbele za watu. Nimekosa. Kosa la jogoo ni langu, nilikuficha kazi. Ukumbi ule una unyevu kama bafu. Sina haja ya baridi, nina haja ya hewa kavu, na hilo mimi silijui. Wewe unalijua. Nifundishe, nami nikufundishe."

"Umekula?"

"Bado."

"Nakuja na chai."

Siku mbili zile, Sonara alifungua kifua. Alimwonyesha namna ya kuyeyusha chokoleti, kuipoza kwenye marumaru kwa kuikoroga na mwiko bapa, kuipasha tena kidogo tu. Akamgusisha tone mdomoni.

"Ukihisi si moto wala si baridi, ndipo ilipo."

"Kama wewe ukinuna."

"Koroga, baba, maneno baadaye."

Wakakwangua mabaka, wakayang'oa manyoya yote, wakayatengeneza upya. Ya Barafu mia na ishirini ya kwanza yaliharibika. Ya Ijumaa jioni hukuweza kuyatofautisha na ya Sonara, na Sonara akasema hivyo kwa sauti, jiko zima likisikia. Naye Barafu akafunga ukumbini mashine mbili za kunyonya unyevu, akazificha nyuma ya mapazia.

Jumamosi mchana jogoo aliingia ukumbini, wageni wakasimama. Upanga mwekundu kichwani, mkia kama chemchemi, na mng'ao ambao ungeweza kujitazama ndani yake. Saa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Hakutoa hata tone.

Mkurugenzi akamzunguka jogoo mara mbili, akampa Sonara mkono. "Mkuu wa jiko la keki," akasema. "Nakupongeza." Kisha akamwona Barafu kando ya mlango, ovaroli ya kijivu, kipimajoto mkononi. "Lakini yule fundi atoke nje. Huu ni ukumbi wa wageni."

Sonara, kofia nyeupe wima, akavuka ukumbi mzima, akamshika Barafu mkono, akamleta mpaka mbele ya jogoo.

"Mkurugenzi, huyu hatoki. Jogoo amesimama kwa hewa aliyoitengeneza huyu, na theluthi ya manyoya haya ni kazi ya mikono yake. Tena ni mchumba wangu."

Barafu akainamisha kichwa. "Mchumba? Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Una pingamizi?"

"Sina. Ila nilitaka kuuliza mimi."

"Umechelewa. Shika meza upande ule, tumgeuze. Wageni wa nyuma hawauoni mkia."

Wakamgeuza polepole, na watu mia nne wakapiga makofi.