Kitanda cha Nyuma cha Kombi

Haya yalimpata Eliufoo, jirani yetu wa Shirimatunda, miaka ile injini za Kijapani zilipoanza kuingia Moshi kwa wingi. Alikuwa na Kombi kuukuu yenye kitanda na jiko dogo, ambayo yeye na mkewe Martha walipanga kuzunguka nayo nchi nzima akishastaafu. Martha akafariki kabla haijatengemaa. Eliufoo aliimalizia peke yake, na siku ya kutundika mapazia aliyoyashona marehemu, alilia kama mtoto.

Fundi Davis ndiye aliyemfungia injini mpya, chini ya kitanda.

"Sasa mzee, haingurumi tena kama mashine ya kusaga. Mtaongea bila kupayuka."

"Niongee na nani, Davis?"

Jumamosi mchana alipanda Old Moshi kumchukua mama mkwe kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu. Njiani ukungu ulishuka, migombani kukawa giza, akawasha taa. Injini ilikuwa imetulia kweli. Ndipo akasikia springi za kitanda zikilia, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Akasimama, akazima gari. Springi zikalia tena.

"Martha?" aliita.

Akageuka. Kitandani hapakuwa na mtu, na blanketi lilikuwa limekunjwa vilevile. Akashuka, akazunguka nyuma, akaegemea bodi akilia. Alipoinua uso, aliona kioo cha dirisha la pembeni mwa kitanda. Kwa ndani, usawa wa mto, palikuwa na mvuke mdogo wa pumzi, ukififia, ukirudi, ukififia, ukirudi.