Kiu ya Kalmet

Kwetu Efate watu humsifu Kalmet kwamba ndiye aliyetuleta kisiwani. Mimi simsifu. Natoka uzao wa Leisau, na yaliyompata bibi huyo tumepokezana bila kupunguza neno.

Kalmet na watu wake walitia nanga asubuhi tulivu, ngalawa moja, nguruwe, na miche ya magimbi iliyofungwa kwa majani mabichi. Nchi haikuwahi kukanyagwa na mtu. Ndege walishikwa kwa mkono; kobe wenye pembe, ambao leo hawapo tena, hawakujua hata kuogopa. Watu wakala, wakacheka.

Leisau hakula. Safarini, maji yalipopungua, Kalmet aliamuru mama yake Leisau, bi Leipakoa, aliyekuwa amekondeshwa na homa, atupwe baharini ili miche ipate kunyweshwa. Wanaume walimshika Leisau mikono. Mama yake alizama macho wazi.

Msituni wakakuta chemchemi. Kalmet akainama wa kwanza, kama mkubwa wao. Akatema.

"Ya chumvi haya."

Wengine wakaonja. Yalikuwa matamu.

Wakamtania kwamba ulimi wake umebaki baharini. Akajaribu maji ya mvua. Akajaribu madafu. Akalamba umande. Chumvi tupu. Wenzake walijenga, walipanda, walifinyanga vyungu, yeye alikauka. Midomo ikapasuka. Utani ukaisha.

Mchana mmoja alitambaa hadi kwa Leisau, aliyekuwa akipalilia magimbi.

"Mwanangu," alinong'ona, "mwombe mama yako aniachilie."

"Mwombe mwenyewe, mzee. Si unajua ulikomwacha?"

"Yuko chemchemini. Kila nikiinama, ananitazama kutoka chini."

Leisau akaendelea kupalilia.  

Kalmet alikufa kwa kiu, uso wake ukiwa ndani ya maji.

Wakamzika kilimani. Enzi hizo nyama ikishaoza, kaburi lilifunguliwa, fuvu likatolewa ili lienziwe. Ndugu zake wakachimba. Nyasi zilikuwa zimeota juu, mizizi imeshikana. Hapakuwa na aliyegusa.

Mifupa ilikuwepo yote. Kichwa hakikuwepo.

Mahali pa kichwa, chini kabisa, udongo ulikuwa umebonyea. Alama mbili za magoti. Madogo, ya mtu aliyekonda.

Udongo wa alama hizo ulikuwa bado laini.