Sabuni Mdomoni mwa Chiriku

Mimi ni kinyozi. Mke wangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule sebuleni, karibu na dirisha. Binti yetu ana miaka minane. Tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake hauna likizo.

Miaka miwili iliyopita mke wangu aliona lori la ng'ombe limepinduka barabarani. Alirudi nyumbani akisimulia jinsi ng'ombe walivyolia. Tangu siku hiyo aliacha nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. "Sitaki kiumbe ateseke kwa ajili ya tumbo langu," aliniambia. Nilimheshimu. Na maharage yake ya karanga, wacha tu! Wateja walinitania: "Kinyozi, mkeo bado anashindana na mbuzi?" Niliwanyoa huku nikicheka.

Mwaka wa pili kicheko kilikwisha. Sasa nyumba nzima ilipaswa kula kama yeye. Dukani alisoma kila pakiti, herufi moja moja. Alimkataza Chiriku kwenda kwa bibi yake, mama yangu, kwa kuwa kule kuna kuku. Siku moja aligundua kwamba biskuti aliyokula ina maziwa ya unga. Alilia mchana kutwa, kisha akakaa na njaa siku mbili. Biskuti moja!

Halafu alianza kusahau. Alishona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Alisema miguu inamchoma kama sindano akikanyaga cherehani. Alikonda, na hasira zikawa karibu. Niliogopa kumpoteza.

Kwa hofu hiyo nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu. Nilinunua mifupa ya ng'ombe. Niliichemsha kazini kwangu, kwenye sufuria ya kupashia maji ya taulo. "Leo unanyoa au unapika?" mteja mmoja aliuliza, akikunja pua. Supu ile niliibeba nyumbani kwenye chupa, nikaimimina kwa siri kwenye maharage ya mke wangu. Siku tano mfululizo. Nilijiambia ninamwokoa.

Njia ya mwongo ni fupi. Ijumaa nilikuwa nimerudi kula. Chiriku aliingia kutoka shuleni, akapita moja kwa moja hadi bafuni. Mama yake akamfuata. Mara nikasikia ukelele. Nilikimbia.

Mtoto alikuwa amesimama mbele ya ndoo, anasugua ulimi kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Povu lilimtoka mdomoni.

"Mwanangu! Unafanya nini?" mama yake alilia.

"Natoa harufu, mama."

"Harufu ya nini?"

"Ya yai. Rafiki yangu alinipa nusu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ukijua utalia. Halafu hutakula tena."

Mke wangu alishika ukuta. Kumbe mtoto wetu alikuwa anakula sabuni kwa kumwogopa mama yake! Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Chiriku alinyoosha kidole kwangu.

"Baba naye anaficha. Anatia supu ya mifupa kwenye maharage yako. Nimemwona."

Mke wangu alinitazama. Alitoka mbio, akatapika uani. Alipotaka kupanda ngazi ya mlango kurudi ndani, miguu ilimkataa. Akaanguka.

Kelele zilimleta jirani yetu, muuguzi wa kituo cha afya. Mtaa mzima humwita Mama Sindano. Tulimweleza yote. Alimkalisha mke wangu, akamshika nyayo.

"Dada, miguu imeanza lini kukuchoma?" aliuliza.

"Miezi saba sasa."

"Unasahau? Ulimi unawasha? Unajisikia mzito moyoni bila sababu?"

"Yote hayo. Nilidhani ninarukwa na akili."

"Huenda mwili wako umeishiwa vitamini B12. Ikipungua, neva zinaumia, kumbukumbu inapotea, hata huzuni inazidi. Chakula cha mimea peke yake hakikupi. Hukuwahi kupewa vidonge?"

Mke wangu aliinamisha kichwa. "Mwaka jana nilipewa, nikavitupa. Ganda lake limetengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe."

"Jamani! Kwa nini hukusema? Vipo visivyo na ganda. Na B12 yenyewe inatengenezwa kwa vijidudu tu, bila kuchinja mnyama." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, shemeji! Wanasema nia njema ni tabibu, lakini yako imekuwa jeraha. Supu ya mifupa haina B12 ya maana. Umevunja imani ya mkeo bure."

Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake tulikwenda hospitali kupima damu, wote watatu. Mama Sindano alikuwa sahihi. Mke wangu alianzishiwa sindano, vidonge vifuate baadaye. Chiriku alikuwa na upungufu mdogo, akapewa vidonge vya kutafuna. Daktari alisema, "Kula mimea si ugonjwa. Ila lazima mtu apange, apime, na atumie B12. Mtoto zaidi."

Pia alitupeleka kwa mshauri wa afya ya akili. Mshauri huyo alimwuliza mke wangu swali moja: "Siku ile ya biskuti, ulijiambia nini moyoni?"

"Nilijiambia mimi ni muuaji."

Miaka kumi ndani ya nyumba moja, na sikujua kwamba mke wangu anajiita hivyo!

"Uliapa kupunguza mateso," mshauri alisema polepole. "Sasa nani anateseka nyumbani kwako?"

Mke wangu alimtazama Chiriku. Alilia, lakini safari hii alilia akiwa amemshika mkono.

Tulikubaliana hivi. Yeye atakula mimea yake kama alivyoapa, na hakuna atakayegusa sufuria yake. Nyumbani tutakula alichopika. Nje, mimi na Chiriku tutakula tunachotaka, bila kuficha. Na akikosea, atamwambia mshauri kabla ya kujinyima chakula. Kwangu mimi msamaha haukuja haraka. Wiki tatu alifunga kifuniko cha sufuria yake kwa uzi wa cherehani. Nilistahili.

Miezi minne imepita. Miguu bado humchoma mara mojamoja, lakini mikono ya mashati imekaa mahali pake na usingizi umerudi. Bado anaenda kwa mshauri kila mwezi.

Jumapili iliyopita Chiriku alirudi kutoka kwa bibi yake. Alisimama mlangoni.

"Mama, nimekula yai."

Cherehani ilinyamaza.

"La kuchemsha au la kukaanga?" mke wangu aliuliza.

"La kukaanga. Na chumvi nyingi."

"Huyo bibi yako na chumvi! Njoo ukae hapa unihadithie."

Chiriku alikuja akakaa karibu na mama yake, mdomo ungali na mafuta ya yai, akaanza kuhadithia.