Nani Atabaki Lubumbashi?

Bomba la uani lilikohoa mara moja, likanyamaza, kisha likakohoa tena. Giza lilikuwa bado, lakini Abigaël aliijua sauti ile hata usingizini: maji yamekuja, na kukipambazuka tu yatakwenda zake. Alijifunga kitenge, akashika bidoni zake, madumu ya kutekea maji, na kutoka.

Parseli yao, yaani kiwanja chao chenye nyumba, iko Kamalondo, mtaa mkongwe kuliko mingi ya Lubumbashi. Nyumba ya mbele ni ya babu yake, Nkambo Léonard. Vyumba vya nyuma ni vya wapangaji. Katika chumba kimoja walikuwa wamehamia Exaucée na mama yake, kutoka Kasai. Exaucée alikuwa rika moja na Abigaël, tena darasa moja. Asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingine, yeye ndiye aliyetangulia bombani.

Abigaël aliisukuma ndoo ya Exaucée kando kwa mguu, bila hata kuinama.

"Benye mugini banaanza," alisema. "Bakuyakuya bangojee."

Benye mugini ni wenyeji wa mji; bakuyakuya ni watu waliokuja tu, waliokuja juzi. Ndivyo wasiopenda kuwaona wageni wanavyowaita. Exaucée aliirudisha ndoo yake nyuma ya bidoni zote za nyumba ya mbele: ya kunywa, ya kufulia, hata ya kumwagilia maua ambayo hakuna aliyekumbuka kuyamwagilia. Ungedhani Abigaël alizaliwa pamoja na bomba lile. Zamu ya Exaucée ilipofika, maji yalikuwa yanatoka kama uzi na kumekucha. Hakuweza kuondoka bila maji, kwa maana mama yake alikaanga mandazi ya kuuza, na bila maji hakuna unga wa kukanda, wala chakula cha siku ile.

Abigaël alijua vizuri kitakachofuata. Mkuu wa shule, ambaye wanafunzi humwita Prefe, alikuwa amemwonya Exaucée mbele ya wote: akichelewa tena, nafasi yake itapewa mtoto mwingine. Njiani Abigaël aliwasimulia wenzake jambo hilo huku akicheka. Alisema mtu asiyejua saa arudi tu kwao.

Somo la kwanza lilikuwa jiografia. Madame Delphine aliwatoa wanafunzi uwanjani, akiwa na chaki mkononi. Jana yake alikuwa amewaagiza waulize nyumbani mahali walipozaliwa wazazi wao, babu na bibi zao, na waliowazaa hao. Sasa alichora duara kubwa juu ya saruji, akaandika ndani yake Lubumbashi. Kulizunguka alichora mengine madogo: Kasai, Kongolo, Lukafu, Maniema, Zambia.

Kwanza aliwaambia kila mmoja asimame mahali alipozaliwa yeye mwenyewe. Karibu darasa zima lilijazana Lubumbashi, wakakanyagana vidole. Dédé, ambaye hakosi neno, alisema hapa hakuna nafasi, bakuyakuya watoke ili watu wapumue. Walicheka, na Abigaël alicheka kwa sauti kuliko wote.

Kisha zamu ya wazazi. Baadhi walitoka. Zamu ya babu na bibi, wengi walitoka, na Dédé mwenyewe akaenda Zambia, mikono mfukoni, akitembea kama mtu aliyeitwa kuadhibiwa. Hapo kicheko kilipungua.

Ilipofika zamu ya waliowazaa babu na bibi, Abigaël hakusogea. Alijua ukweli. Jana jioni Nkambo Léonard alikuwa amemweleza kwa fahari jinsi baba yake alivyotoka Kongolo akiwa kijana, akaajiriwa kwenye reli, na jinsi watu wa kambi ya wafanyakazi walivyomwita mshamba, wakamnyima hata kaa la moto la kuwashia jiko. Abigaël hakuipenda habari ile. Aliona heri angezaliwa na watu waliochipuka hapohapo kama nyasi.

Alitazama huku na huku. Ndani ya duara walibaki wawili tu, yeye na Chilufya, msichana wa kabila la Walamba ambaye wazazi wake huleta makaa mjini kutoka Annexe, pembezoni mwa mji. Darasani walizoea kuziba pua akipita. Abigaël alimwambia asogee, kwani yeye ni wa porini.

"Shiye hatukukuya," aliongeza. "Shiye tulikuwa hapa."

Chilufya alimpima kwa macho, kutoka viatu hadi nywele.

"Pori gani? Hapa ndipo ilikuwa pori yetu. Mwiye mulifika na treni, na treni yenu ilitukuta hapa. Sasa weye unafanya nini huku?"

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Madame Delphine peke yake hakucheka. Alimuuliza Chilufya wazee wake husimulia nini kuhusu nyakati za kabla ya hapo. Chilufya alikuna kichwa, na kidevu chake kilichokuwa juu kikashuka kidogo. Alisema wanasimulia kwamba wahenga wao walitoka kaskazini kwa miguu, zamani sana. Alishusha pumzi, naye akatoka duarani.

"Abigaël," alisema mwalimu, "baba yake Nkambo wako alizaliwa wapi?"

"Kongolo," alijibu chinichini, akaenda kusimama kwenye duara dogo.

Lubumbashi ilikuwa tupu. Zilibaki alama za viatu juu ya chaki.

Madame Delphine aliwaacha waitazame. Kisha akaeleza kwamba watu huhama kwa sababu: migodi na reli zilitaka mikono, vijijini njaa ilisukuma, leo wengine hukimbia vita, wengine hufuata kazi, shule au matibabu. Ndivyo mji unavyojaa.

"Mnadharauliana kwa siku ya kufika," alisema. "Kutangulia kufika si akili wala si kazi, hata mawe yalitangulia. Anayemcheka mgeni anamcheka babu yake mwenyewe."

Alipowatazama waliosimama Kasai, aliuliza Exaucée yuko wapi. Dédé alionyesha langoni.

Exaucée alikuwa nje ya lango, mikono bado ina unga. Prefe alikuwa anamwambia akamwite mama yake waje kuchukua karatasi zake. Madame Delphine alikwenda kumwombea, lakini Prefe alisema bakuyakuya hawajui kuheshimu saa. Kama kuna sababu ya kweli, aliongeza, mtu aiseme sasa hivi, naye mtoto ataingia. Kama hakuna, aende.

Mama yake Exaucée alikuwa amemkataza kumshitaki mjukuu wa mwenye nyumba. Mpangaji mwenye mdomo hulala nje.

Abigaël alimwona akifuta unga kwenye sketi. Yeye akisema ukweli, Nkambo atasikia leo hii, na darasa zima litakuwa na la kusimulia mpaka likizo. Nyuma yake Dédé alikohoa kwa dharau. Abigaël alitoka kwenye duara la Kongolo, akavuka uwanja wote huku wakimtazama, akasimama mbele ya Prefe.

"Prefe, ni miye nilimuzuia kuteka maji asubuhi."