Sahihi ya Mama Uzi

Mtaani walimwita Mama Uzi, kwa sababu alikuwa fundi cherehani. Nyumba yake ya vyumba vitatu aliijenga kwa kushona sare za shule. Kwa miaka mingi, kila karatasi aliitia dole gumba. Sasa alikuwa amemaliza darasa la watu wazima, na jina lake alijua kuliandika. Nani angemzuia? Aliliandika kwa chaki kwenye vitambaa, kwenye ndoo, hata kwenye mlango wa banda la kuku.

"Mke wangu, mwisho utaniandika na mimi mgongoni," mumewe alimtania.

"Lala kwanza, utaona," alijibu.

Asubuhi moja alikuja mwanamume aliyevaa tai.

"Shikamoo mama. Mimi ni wakala wa kodi ya majengo. Nitakujazia fomu na kukusemea ofisini. Nipe hati ya nyumba, halafu tia sahihi hapa."

"Mbona fomu haina kitu?"

"Nitajaza mwenyewe, usijisumbue. Au hujui kuandika, mama?"

Hapo alimgusa penyewe. Mama Uzi alishika kalamu. Alikwisha andika herufi ya kwanza, ndipo jirani yake akaingia kuchukua gauni. Jirani huyu alikuwa karani wa baraza la mji.

"Dada, weka kalamu chini," karani alisema. Akamgeukia mgeni. "Kaka, namba yako ya usajili ni ngapi?"

"Kitambulisho nimekisahau nyumbani."

"Kakichukue. Sisi tupo."

Mwenye tai alizoa karatasi zake akaondoka. Hakurudi.

"Umenifukuzia mgeni," Mama Uzi alilalamika.

"Mgeni gani? Ulikuwa unauziwa mbuzi kwenye gunia! Ukitia sahihi fomu tupu, akiandika vyumba kumi, umekubali kumi. Na hati yako hungeiona tena."

Mama Uzi alizitazama kuta zake. Nyumba yote ile, kwa herufi chache tu!

"Sasa wa kweli nitamjuaje?"

"Wa kweli amesajiliwa. Orodha ya mawakala imebandikwa kwenye ubao wa matangazo pale ofisini. Ina picha, namba na ada ya kila mmoja. Ni ya kila mtu, huombi ruhusa. Si umesoma? Basi kasome."

Kesho yake Mama Uzi alisimama mbele ya ule ubao. Aliweka kidole chini ya kila jina, ishirini na moja kwa jumla. Mwenye tai hakuwamo. Alitoka pale kichwa juu, maana hakumwomba mtu amsomee hata neno moja.

Alimchagua wakala wa mstari wa kumi na nne, binti mmoja mwenye miwani. Binti alipofika, alionyesha kitambulisho kabla ya kukaa. Namba ilikuwa ileile ya ubaoni. Alichukua nakala ya hati, hati yenyewe akairudisha. Akazunguka nyumba, akajaza fomu mbele ya wenyewe.

"Tayari mama, tia sahihi."

"Subiri mwanangu, nasoma."

Alisoma mpaka chai ya mgeni ikapoa.

"Hapa umeandika vyumba vinne. Cha nne kiko wapi?"

"Kile cha nyuma, chenye jina lako mlangoni."

"Mwanangu, mle wanalala kuku!"

Mumewe alicheka mpaka machozi. Binti naye alicheka, akaomba radhi, akaandika fomu nyingine. Mama Uzi aliisoma hiyo nayo, tangu mwanzo. Ndipo akaandika jina lake, polepole, herufi kwa herufi. Nakala yake akaifungia sandukuni pamoja na hati.

Barua ya ofisi ilipokuja, ilisema vyumba vitatu. Siku hizi mtu wa mtaani akitembelewa na wakala, humkimbilia Mama Uzi amsomee ule ubao.

"Twende wote," humwambia. "Lakini kidole kitakuwa chako."

Na jioni ile ya sahihi, kabla nakala haijafungiwa sandukuni, mumewe aliishika akaligusa jina la mkewe. Mara hii hakutania.

"Nyumba ina mwenyewe," alisema.